Imebaki Vifungo Tu

Chumba cha nyuma,
Dukani kwa Fundi.
Jumapili, tarehe 14, saa nane mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo? Najua barua zote huanza hivyo, na najua utakavyojibu moyoni: sijambo dada, nimechoka tu. Safari hii silitaki jibu hilo. Nakuuliza kama mtu aliyesimama mlangoni na hana haraka ya kuondoka. Umelala? Umekula nini tangu jana? Lini mara ya mwisho ulicheka, wewe uliyekuwa ukicheka mezani mpaka Mama anakutoa nje ukamalizie huko?

Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Mama magoti yanamsumbua, mdomo haumsumbui. Shangazi hajabadilika, bado anajua kila kitu. Mimi napiga pasi na kutia vifungo kama siku zote, na mgongo unanisema kuliko Shangazi.

Aliyekuletea barua hii mpe kiti. Usimuulize kitu kwanza. Nimemwagiza asifungue mdomo mpaka umalize kusoma hadi mwisho, na kwa kunyamaza, huyo hana mpinzani.

Sasa nikwambie kwa nini naandika. Kifurushi chako kilifika kwa basi Jumatano. Tulikifungua sebuleni, wote. Sweta la Mama. Viatu vyako vyeusi ambavyo sidhani umevivaa hata mara tatu. Redio yako ndogo. Albamu ya picha. Kastabini ya Baba, ile kofia ya kidole aliyokuwa akivaa akishona kwa mkono, uliyoililia mpaka ukapewa siku tulipogawana vitu vyake. Na chini kabisa, ndani ya bahasha, vyeti vyako vya shule. Si nakala, vyenyewe. Na kikaratasi: Dada, mtajua wa kumpa nini.

Nyumba nzima ilishangilia. Mama alivaa sweta jua likiwaka. Shangazi alivaa viatu akapita navyo mbele yetu kama yuko kwenye maonyesho, akasema Kitinda ametoboa, mtu akianza kugawa viatu vizima ujue kabati limejaa. Mimi niliingia chumba cha nyuma, nikafunga mlango, nikakaa juu ya vitambaa.

Kwa sababu, mdogo wangu, kifurushi kama hicho nilishakiona. Kile hakikuja kwa basi wala hakikufungwa kamba, lakini kilikuwa ni hicho hicho, na siku ile mimi ndiye niliyeshangilia kuliko wote.

Mwaka jana tulikudanganya. Tulikwambia Kaka amelazwa kwa vidonda vya tumbo. Wewe maskini ukatuma na dawa za tumbo, tukazipokea na kukushukuru kwa macho makavu. Kaka hakuwa na vidonda vya tumbo. Kaka alitaka kufa. Tuliona aibu kukuandikia hivyo, na leo naona aibu kwamba tuliona aibu.

Ngoja nikueleze kutoka mwanzo, maana mwanzo ndio tulioupuuza.

Unamjua Kaka na wateja wake. Unajua kwamba tangu arithi cherehani ya Baba hajawahi kumaliza nguo siku aliyoahidi. Mteja akija, Kaka anamkaribisha, anamsifia afya, kisha anamwambia kwa uso wa malaika: nguo yako iko tayari, imebaki vifungo tu. Na kitambaa hakijaguswa! Kiko palepale kwenye mfuko wa plastiki kilimoletwa. Na kwa kuwa mtia vifungo ni mimi, mteja ananigeukia mimi kwa macho ya kunila nyama. Miaka kumi na sita nimebeba lawama za vifungo ambavyo havina hata shati la kukaa.

Basi mwaka jana, mwanzoni, uongo huo ukamwishia. Mteja anauliza nguo yangu vipi, Kaka anakitazama tu kitambaa. Hata kusema njoo Alhamisi hasemi. Wateja walidhani ana kiburi. Mimi nilidhani amegombana na mtu.

Halafu akaanza kuharibu. Alikata koti la watu akatoa mikono miwili ya kushoto. Kaka! Mtu anayeweza kukata suruali huku akibishana habari za mpira. Akakaa anaitazama ile mikono, hakukasirika, hakucheka, akaikunja akaiweka pembeni. Ningemwona amekasirika ningelala vizuri.

Chakula akawa anakizungusha kwenye sahani. Suruali zake mwenyewe zikaanza kumdondoka kiunoni, na fundi hana hata hamu ya kuzipunguza. Kabla hakujapambazuka yuko macho, na mchana anasema kichwa kizito, mgongo unauma, mwili wote kama wa kuazima. Tukamnunulia dawa za maumivu. Kuoga akawa haoni haja. Mpira, redio, utani wake na muuza magazeti, vyote akaviacha. Asubuhi namkuta mbele ya cherehani, mguu uko juu ya kanyagio, kitambaa kiko chini ya sindano, na hakanyagi. Nikirudi kutoka sokoni yuko vile vile.

Na mimi, dada mkubwa, mwenye akili zake, nilifanya nini? Nilimfokea. Shangazi alisema ni uvivu, nami nikaupokea uvivu kwa mikono miwili kwa sababu uvivu ninaijua dawa yake. Nilimwambia jikaze, wewe ni mwanamume. Nilimwambia wenzio wamezika watoto na kesho yake wako kazini. Nilimwambia hivyo mbele ya mteja. Maneno yale bado yako humu dukani, Kitinda. Kila nikishika pasi nayasikia.

Hali hiyo ilikwenda miezi mitatu hivi. Kisha Jumatatu moja akaja ameoga, amenyoa ndevu, shati limenyooka. Akanisalimia. Akakaa kwenye cherehani akaanza kushona.

Alishona siku tisa. Sijawahi kuona kazi ile. Alitoa vitambaa vyote kwenye mifuko, hata vilivyosahauliwa na wenyewe. Suti ya mwalimu mkuu iliyokuwa imelala hapa tangu muhula wa juzi, sare za walinzi wa benki, gauni la jirani ambaye tangu alete kitambaa amezaa na mtoto anatambaa. Mimi natia vifungo mpaka vidole vimevimba, na ninaimba. Watu wanakuja wamechanua midomo. Mwalimu mkuu aliikagua suti yake mshono kwa mshono, akidhani kuna mchezo. Kaka akawaomba wote radhi kwa kuwachelewesha, mmoja mmoja, kwa upole. Alikuwa ametulia. Nilikwenda kwa Mama nikamwambia Mama, Kaka amepona, na Mama akalia kwa furaha.

Mdogo wangu, fundi alimaliza nguo zote za watu, na mimi binti wa fundi, dada wa fundi, sikushtuka.

Aliyeshtuka ni mshona mapazia wa ng'ambo ya barabara. Unakumbuka, yule ambaye Kaka hajasema naye tangu wagombanie kibao cha duka. Siku ya tisa, saa kumi jioni, alivuka barabara akaja hadi kwenye meza yangu ya pasi na mkasi wa Baba mkononi. Wenyewe, ule mweusi, mzito. Unajua sheria ya mkasi ule. Haukati karatasi, hauazimwi, hata mimi niliwahi kuzabwa kofi na Baba kwa kuukatia kamba. Akaniambia, kaka yako amenipa huu, amesema anajua nitautunza. Akaongeza: mimi? Dada, anipe mimi? Hebu funga duka twende.

Tulikwenda mbio, mimi na adui yetu, kandambili mkononi. Tulimkuta Kaka chumbani kwake, amevaa vizuri, kitanda kimetandikwa, vitu vyake vimepangwa juu ya meza na majina ya watu juu ya kila kimoja. Cha kwako kilikuwa redio yake. Sitakwambia alikuwa amekusudia nini. Tulimkuta hai, tukakaa naye mmoja huku na mmoja huku.

Nikafanya jambo ambalo maisha yangu yote niliambiwa halifanywi. Nilimuuliza wazi. Nikasema, Kaka, unataka kufa? Niliogopa kwamba nikilitamka nitakuwa nimemfundisha. Alilia kama mtoto. Akasema, ndiyo dada. Nimechoka. Nimemaliza kazi za watu ili msije mkasumbuliwa.

Siku ile ile, kabla jua halijazama, tulimpeleka hospitali. Mshona mapazia upande mmoja, mimi upande mmoja. Huko tulipokewa na muuguzi, mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa na uzi, ambaye hakushangaa hata kidogo, na kule kutoshangaa kwake kuliniondolea nusu ya mzigo. Alimuuliza Kaka mambo ya kawaida kabisa. Unalala? Unakula? Vitu ulivyovipenda bado unavipenda? Unajiona huna faida? Imekuwa hivi kwa muda gani? Unawaza kufa? Na hilo la mwisho alilitaja kwa sauti ile ile aliyoulizia usingizi.

Kisha akanigeukia mimi. Akasema huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, si uvivu wala si udhaifu wa moyo. Huzuni kila mtu anayo, alisema, lakini ikimkalia mtu wiki mbili mfululizo, kutwa, ikamwondolea usingizi na hamu ya chakula na ya kazi, usingoje wiki ya tatu, mlete. Na akianza kuzungumza habari za kufa, au kuaga, au kugawa vitu vyake, usingoje hata kesho, na usimwache peke yake. Nikamwambia, mama, lakini alikuwa ameshapona, siku tisa hizi alikuwa mzima kabisa. Akavua ile miwani. Akasema, hakupona, binti yangu. Alikuwa ameamua. Mtu aliyeamua hutulia.

Nimeyaandika maneno hayo kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, kwa chaki ya kushonea, nyuma ya pale tunapotundika makoti. Wateja hawayaoni.

Alilazwa wiki tatu. Kisha ikawa dawa kila siku, na kila Ijumaa anakwenda kuzungumza na daktari, saa nzima, milango imefungwa. Sitakudanganya tena: haikuwa rahisi. Dawa zilikaa zaidi ya mwezi kabla hatujaona kitu. Alitaka kuziacha, nikamkalia. Kuna siku alikuwa haamki, na mimi nakaa mlangoni pake namenya viazi, simsemeshi, kwa kuwa muuguzi alisema kukaa tu kunatosha. Mpaka leo zipo siku namwona anatazama kitambaa kwa namna ninayoijua. Namuuliza. Siku hizi namuuliza waziwazi, naye ananijibu waziwazi. Si nyumba yenye raha sana, lakini hakuna anayejifanya.

Siku niliyoamini anarudi kwetu, mwalimu mkuu alikuja kuulizia suruali aliyoileta upya. Kaka akainuka, akamkaribisha, akamsifia afya. Kisha akasema: mwalimu, suruali yako iko tayari, imebaki vifungo tu. Nikageuka kutazama rafu. Kitambaa kiko kwenye mfuko wake. Hakijaguswa! Mwalimu akanigeukia kwa macho yale yale. Nikamwambia nisamehe mwalimu, kosa langu, nikakimbilia chumba cha nyuma nikacheka na kulia pamoja mpaka nikaunguza shati la mtu.

Sasa wewe.

Miezi minne hii nimekuwa nikikusikia kwenye simu na kujiambia ni kazi. Kweli kazi yako ya kuwahudumia wazee ni nzito, kuwaogesha, kuwalisha, kuwazika wale uliowazoea na kesho yake kuwapokea wengine. Ulikuwa unanisimulia vituko vyao, yule bibi anayeficha biskuti ndani ya soksi, yule babu anayekuchumbia kila Jumatatu. Tangu lini hujanisimulia? Ukaacha kwenda kwaya. Ukasema chakula hakina ladha. Uliniambia unaamka saa tisa za usiku na kutazama dari. Mwezi uliopita ulisema kitu nikakipita tu: uliniambia, dada, hata nisipokuwepo wazee watapata mtu mwingine. Nikakujibu eti usijidharau, nikakuuliza habari za mvua. Nisamehe.

Na kilichopaswa kuniamsha ni kwamba siku hizi unanikubalia. Nikisema hivi, sawa dada. Nikisema vile, sawa dada. Wewe na mimi tangu lini tukakubaliana? Wewe uliyebishana nami wiki nzima kuhusu rangi ya pazia! Ukatulia, nikafurahi kwamba umekua. Kosa lile lile, Kitinda, mara ya pili, na ukuta wangu umeandikwa.

Jumatano ile nilikupigia mara tisa. Simu inaita tu. Basi nikampigia yule mwenzako wa zamu ya asubuhi, ambaye ulinipa namba yake siku simu yako ilipoibiwa. Alipokuja kugonga kwako jioni ile na chai na mkate, akasema amepita tu, hakupita tu. Nilimtuma mimi. Na kama bado yupo hapo anasingizia kwake maji yamekatika, maji yapo. Nilimwomba asikuache peke yako, na ni mtu wa maana kuliko ndugu wengi. Usimkasirikie. Nikasirikie mimi, nimezoea.

Kwa hiyo nakuuliza, kama nilivyomuuliza Kaka. Unataka kufa, mdogo wangu? Sema. Hutanivunja. Mimi nimeshavunjika mara moja nikajua pa kuungia. Hutamtia mtu aibu, na hakuna atakayekwambia jikaze, kwani wa kukwambia hivyo ningekuwa mimi, na mimi nimeacha.

Na baada ya kusema, uende hospitali. Leo, si ukipata nafasi, si ukimaliza zamu za wiki hii. Mwenzako ameshaulizia: pale pale mtaani kwenu upo mlango wanapopokea watu wa shida hii bila miadi. Dawa wakikupa umeze, na usiziache mpaka waseme wenyewe. Ukiona huwezi kuzungumza, wape barua hii waisome.

Vitu vyako nimekurudishia vyote, vimo ndani ya mkoba huo. Umeandika mtajua wa kumpa nini. Sijui. Sina wa kumpa. Kastabini ni ya kidole chako, na vyeti vina jina lako. Sweta Mama amegoma kulivua, na viatu Shangazi ameshavitanua kwa ile miguu yake, kwa hiyo hivyo viwili tuhesabu umetoa sadaka.

Mama anakusalimu sana. Nimemweleza nusu, na nusu iliyobaki ameijua mwenyewe, maana tangu jana ananiuliza saa za basi. Shangazi anakusalimu, nilipomweleza alinyamaza, na unajua hilo halijawahi kutokea. Mshona mapazia anakusalimu, anasema pazia lako la chumbani analishona yeye, rangi uchague wewe na mimi nisiulizwe. Mungu akushike mkono katika kila saa ya siku hizi, hata zile saa ambazo wewe umeuachia mkono wake.

Nimebakiza moja. Sasa umtazame huyo aliyekaa kitini, aliyenyamaza. Nilitaka kuja mimi, nilikuwa nimeshafunga mkoba. Akanipokonya. Akasema wewe utamfokea, dada, nitakwenda mimi, mimi ninapajua alipo. Daktari wake amekubali, dawa zake ziko mfuko wa kushoto wa koti, mkumbushe saa mbili. Mabasi mawili na mpaka mmoja, mtu ambaye mwaka jana hakuweza kutoka kitandani hadi bafuni. Kaka yako ameacha rafu nzima ya nguo za watu hazijaguswa, na leo asubuhi bibi harusi alipokuja kuulizia gauni lake, na harusi ni Jumamosi ijayo, alimwambia limebaki vifungo tu.

Hata kukatwa halijakatwa, Kitinda. Inuka uvae viatu vyako vya kazini, mwende wote wawili, kisha unirudishie fundi wangu.

Ni mimi dada yako, mkali kwa mdomo na mwoga kwa moyo, nikupendaye,

Mtia Vifungo.